Nyimbo za Noeli za Kwaya Yenu: Namna ya Kuzirekodi Hapo Hapo Ntoto

Kama kwaya yenu ina wimbo wa Noeli uliotungwa kanisani kwenu, uwe wa Kinyanga, Kihunde au Kiswahili, urekodini mwaka huu, tena urekodini nyumbani. Najua kwaya nyingi za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, huchanga pesa miaka na miaka zikiwaza studio ya Goma. Barabara haipitiki kila msimu, na hata inapopitika, nauli huamua nani aende. Kwaya ya watu thelathini inawakilishwa na watu sita. Kufika huko, mwenye studio anawasha kinanda chenye mapigo yaliyopangwa tayari, ngoma yenu inawekwa pembeni, na wimbo unarudi Ntoto, hapa Walikale, ukifanana na nyimbo nyingine zote zilizotoka kwenye kinanda hicho. Mama aliyekuwa akiitikia kwa besi nzito nyuma kabisa hayumo. Mwongozo huu ni kwa wale walio tayari kuanza na walichonacho: simu moja nzuri, paneli ya sola, ngoma, gita, na waimbaji wote.

Wimbo wa kutangulia

Msianze na nyimbo ambazo dunia nzima imekwisha kuzirekodi. Wimbo wa usiku mtakatifu, ule ambao Padre Joseph Mohr aliandika maneno yake na Franz Xaver Gruber akautia sauti, uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, ukisindikizwa na gita tu. Tangu hapo umerekodiwa kwa lugha nyingi mno. Uimbeni kanisani, ni mzuri. Lakini ule wimbo wa wachungaji wa Bethlehemu aliotunga mwalimu wenu wa shule ya msingi, ambao watoto wa Ntoto wanaujua kuliko wimbo wa taifa, hauna nakala popote. Msipourekodi ninyi, hakuna mwingine atakayefanya hivyo.

Orodhesheni nyimbo zenu zote za Noeli, kisha chagueni tano au sita. Kumi ni nyingi kwa asubuhi moja; sauti huchoka na nyimbo za mwisho hutoka zimelala. Chagueni kwanza zile ambazo mtunzi wake ni mzee, au amehama, au amefariki na wanaokumbuka beti zote wamebaki wachache. Hapo kwetu hilo si jambo la kufikirika. Machi 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, na vita vya Masisi vikaanzia hapo. Kuanzia mwaka huo kwaya zimevunjika, zikaundwa upya, zikavunjika tena. Kuna beti ambazo leo zinakumbukwa na mtu mmoja tu, naye anaishi Nakivale kule Uganda, au Nyarugusu kule Tanzania. Mtafuteni kwa simu kabla ya siku ya kurekodi. Mwombeni aimbe ubeti huo polepole, mwandike maneno yake, na sauti yake mwandike kwa do-re-mi kama mwalimu wa kwaya anajua kuandika hivyo.

Mahali na saa

Noeli huja katika mvua. Msimu unaoanza Septemba huwa bado haujaisha, na mvua ya alasiri juu ya mabati haina dawa: hakuna simu wala chombo cha bei yoyote kitakachoitenganisha na sauti za watu. Kwa hiyo rekodini asubuhi, katikati ya Novemba, ili nyimbo ziwe tayari kabla Majilio hayajafika mbali. Alfajiri ina majogoo, usiku una vyura na nyenje, siku ya soko ina watu na pikipiki. Kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, siku isiyo ya soko, ndipo kijiji huwa kimetulia kidogo. Siku moja kabla, mwombeni shefu wa kijiji na majirani wa kanisa ruhusa ya ukimya wa saa mbili. Watu huitoa kwa moyo wakiambiwa sababu.

Kuhusu jengo, nawasihi msione haya kwa kanisa la udongo. Kuta za udongo na miti humeza mwangwi; sauti hutoka kavu, ya karibu, kila neno linasikika. Kanisa la matofali lenye sakafu ya saruji na bati tupu juu ni kubwa na la heshima, lakini kwenye rekodi maneno hugongana na besi hugeuka ngurumo. Kama kanisa lenu ni la namna hiyo, tundikeni vitenge na mikeka kwenye ukuta ulio mbele ya waimbaji na ule ulio nyuma yao, kisha waiteni waumini waketi ndani kimya kwenye mabenchi. Miili ya watu hupunguza mwangwi kuliko kitu chochote mtakachoweza kununua. Nje chini ya mti pia panafaa siku isiyo na upepo. Simameni upande wa ukuta unaokinga, na funikeni tundu la maikrofoni ya simu kwa kitambaa chepesi cha soksi.

Simu, watu na ngoma

Hapa ndipo rekodi nyingi za kwaya huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tafuteni simu bora iliyopo kijijini, si lazima iwe ya mwanakwaya. Ijazwe moto tangu jana yake, na ichomolewe kabla ya kuanza, maana ikirekodi huku imechomekwa kwenye waya wa sola au jenereta mara nyingi huingiza mvumo mdogo ambao mtausikia baadaye. Zimeni mtandao kwa kuiweka simu katika hali ya ndege. Fungueni programu ya kurekodi sauti, na mwingie kwenye mipangilio yake. Ikikupa WAV, yaani rekodi isiyobanwa, chagua WAV. Isipokupa, chagua kiwango cha juu kabisa kilichopo. Kama ina sehemu ya kupunguza kelele, izime, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayezungumza, na kwaya yenye ngoma itahesabiwa kuwa kelele. Msirekodi kamwe kwa kubonyeza alama ya sauti ya WhatsApp. Ile inabana sauti sana ili isafiri haraka, na kilichobanwa hakirudi.

WAV ya kawaida hula kama MB 10 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika tano ni MB 50. Nyimbo sita, kila moja ikirudiwa mara tatu, zinakaribia MB 900. Hakikisheni nafasi hiyo ipo kabla watu hawajavaa sare.

Sasa simu iwekwe wapi? Si mkononi mwa mtu, maana kila kidole kinachosogea kinasikika, na si mezani, maana meza hutetemeka na ngoma. Chukueni mti mnyoofu au mwanzi, muuchimbie ardhini au muusimamishe ndani ya ndoo ya mchanga, mfungie simu kwa ukanda wa mpira wa tairi la pikipiki. Iwe kwenye kimo cha kidevu cha walio mstari wa mbele. Simu nyingi zina maikrofoni yake chini, pale pa kuchomekea chaja. Tundu hilo ndilo lielekee waimbaji, si kioo.

Waimbaji wasimame kama mwezi mwandamo, si katika mistari iliyonyooka, ili wa pembeni wasiwe mbali kuliko wa katikati. Kwa watu ishirini hadi thelathini, simu ikae hatua tatu kubwa kutoka katikati ya mwezi huo. Sauti ya kwanza na ya pili mbele, ya tatu na ya nne nyuma yao juu ya mabenchi, wawe juu kidogo ili vichwa vya mbele visizibe sauti zao. Mwimbishaji wa peke yake asogee hatua moja mbele wakati wa beti zake, arudi mahali pake kwenye kiitikio. Akae kwenye ukingo wa mwezi, si mbele kabisa ya simu, la sivyo kwaya itasikika kama iko chumba kingine.

Ngoma ndiyo mtihani. Simu ina mkono usioonekana unaopunguza sauti yote pale kitu kimoja kinapopiga kwa nguvu. Ngoma ikiwa karibu, kila pigo linaizamisha kwaya kwa nukta moja, kisha inaibuka, kisha inazama tena. Mkisikia rekodi inayopanda na kushuka hivyo, mjue ngoma imekaa vibaya. Isogezeni nyuma ya waimbaji, hatua nne au tano, juu ya gunia au mkeka, na mpigaji atumie viganja badala ya fimbo. Ikizidi bado, itoeni mpaka mlangoni. Msiifute kabisa. Kwa Wakatoliki wa Kongo, ibada iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire ilikubali ngoma na mwendo wa mwili ndani ya misa. Sioni sababu ya kuiimba Noeli yetu mikono ikiwa imefungwa kwa kuogopa simu. Kayamba nalo liwe nyuma. Sauti yake ni kali kuliko ukubwa wake. Gita lisilo na umeme, kinyume chake, liletwe mbele, hatua moja na nusu kutoka kwenye simu, pembeni.

Kucheza kwenu kusikike au la? Mimi napenda nyayo zisikike kwenye sakafu ya udongo, zinaupa wimbo uhai. Kwenye mbao zinanguruma. Hapo vueni viatu.

Rekodini nusu dakika, kisha watu watatu wasikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, si kwa sipika ya simu, kwa kuwa sipika haionyeshi besi. Ulizeni maswali mawili tu: maneno yanasikika? Sauti zote nne zinasikika? Kinachokosekana kisahihishwe kwa kusogeza watu. Besi zikipotea, besi ziletwe mbele mstari mmoja. Soprano mmoja akiwashinda wenzake, asirudishwe nyumbani wala kuambiwa aimbe kwa hofu. Asogezwe mwisho wa mstari.

Kabla ya kila wimbo mwalimu apate ufunguo kutoka kwenye uzi ule ule wa gita. Kwaya isiyo na kinanda hushuka polepole bila kujua, na mkirudia wimbo mara tatu, mara ya tatu huwa imeshuka kiasi kwamba besi hazifiki chini. Mwisho wa kila wimbo, simameni kimya na kuhesabu mpaka tano kabla ya mtu yeyote kukohoa au kupiga vigelegele. Ukimya huo unamsaidia atakayekata rekodi. Kwa kawaida mara ya pili ndiyo hutoka vizuri: hofu imekwisha na uchovu haujaanza. Isikilizeni hapo hapo. Mkiridhika, nendeni wimbo unaofuata.

Mnaotaka picha za video, pigeni kwa simu nyingine, na mtu mmoja apige kofi moja kubwa mwanzoni mbele ya zote mbili. Kofi hilo ndilo litakalosaidia kuunganisha picha na sauti baadaye. Kama kuna ndugu wa mjini anayeuliza atawaletea nini, mwambieni kinasa sauti kidogo cha mkononi kinachotumia betri za kawaida za dukani. Kitawafaa kuliko sipika kubwa.

Majina

Mwaka 1956 mzee Candi Rureke wa kijiji cha Bese, hapa Walikale, aliimba na kusimulia utenzi wa Mwindo, shujaa wa Wanyanga, kwa siku 12 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, nao wakauandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani anaweza kumtaja Rureke kwa jina na kijiji chake kwa jina. Miaka miwili baada ya Rureke kuimba, wavulana na walimu wa shule wa Kamina, Katanga, walirekodi Missa Luba, misa iliyosikika Ulaya nzima na kuingia hata kwenye sinema. Kwaya yao ilikuwa imepewa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, na anayetajwa kila mahali ni Padre Guido Haazen aliyewaongoza. Wavulana walioyabuni mapatano yale ya sauti wao kwa wao hutajwa mara chache sana. Kazi mbili kubwa za Kongo, moja ina jina la mwenyewe, nyingine imejaa majina ya wengine.

Kwa hiyo, kabla ya kila wimbo, mtu mwenye sauti safi aseme mbele ya simu hiyo hiyo, ndani ya rekodi hiyo hiyo: jina la wimbo, lugha yake, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, mwimbishaji, mpiga ngoma, jina la kwaya, kanisa, kijiji, tarehe. Ni nusu dakika. Daftari hupotea na majina ya mafaili hubadilishwa na kila anayeyapokea, lakini sauti iliyo ndani ya rekodi husafiri nayo. Toleo la kugawa mtalikata sehemu hiyo. Lile la kutunza msiliguse. Baada ya nyimbo zote, kila mwanakwaya aseme jina lake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mstari. Inachukua dakika mbili, na wajukuu watazisikiliza hizo kuliko nyimbo.

Kuna tahadhari moja. Eneo letu halina amani ya kudumu, na si kila mtu anataka jina lake lisikike Goma. Ulizeni kila mmoja kabla. Asiyetaka, jina lake libaki kwenye daftari la kanisa tu. Watoto wa kwaya ya watoto watajwe kwa jina moja, wazazi wakikubali. Na kadi ya kumbukumbu inayobeba nyimbo isiwe na kitu kingine chochote, wala picha wala mazungumzo. Anayepita nayo kwenye vizuizi vya barabarani awe amebeba Noeli tu.

Nyimbo za wenyewe

Sauti ya Gruber ya ule wimbo wa usiku mtakatifu, na nyingine za kale, ni huru kutumiwa. Wenyewe walifariki zamani. Lakini tafsiri ya Kiswahili au mpangilio wa sauti nne unaweza kuwa na mwenyewe aliye hai, kwa hiyo uliza kabla ya kuuza. Nyimbo za kwaya za Tanzania mnazozipenda zina watunzi wanaojulikana. Ukiimba wimbo wa Bernard Mukasa au wa Joseph Makoye, mtaje kwa jina, na usiuweke kwenye kadi ya kuuza bila idhini. Nyimbo zenu wenyewe zinalindwa na sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi, na shirika linalosimamia haki hizo tangu mwaka 2011 ni SOCODA. Kwa kwaya ya kijijini, kilicho muhimu kuliko usajili ni karatasi moja iliyosainiwa kabla ya kurekodi: nani mtunzi, nani anatunza rekodi ya kwanza, na pesa ikipatikana inagawanywaje. Kwaya nilizoona zikigombana ziligombana juu ya pesa, karibu zote kwa sababu karatasi hiyo haikuandikwa wakati bado hakuna pesa.

Kuzitoa

Usafishaji uwe mdogo. Mwenye kompyuta atumie Audacity, programu ya bure: akate mwanzo na mwisho, alinganishe ukubwa wa sauti kati ya nyimbo, basi. Msiongeze mwangwi wa bandia. Tengenezeni nakala za MP3 za kugawa. Kwa ubora wa kawaida ni kama MB 1 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo sita zinapita kwa bluetooth kutoka simu hadi simu wakati watu wanasubiri mvua ikatike. Kwa WhatsApp, itumeni kama faili, si kama ujumbe wa sauti. Kadi moja mpeni kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu na kupakia nyimbo, maana huyo ndiye redio ya kweli ya kijiji. Nakala nyingine ifike redio ya karibu inayosikika kwenu kabla Desemba haijaingia. Watangazaji hupanga vipindi vya Noeli mapema, na wimbo unaofika tarehe 23 husubiri mwaka mzima. Ifungeni pamoja na karatasi ya majina na tafsiri fupi ya maneno, hasa kama wimbo ni wa Kinyanga au Kihunde, ili mtangazaji aweze kuutambulisha.

Wa Ntoto walioko kambini na ughaibuni watumieni mapema pia, na muwaombe walio na kumbukumbu ya beti zilizosahaulika wazirudishe kwa sauti zao.

Rekodi zenyewe za WAV, zile ndefu zenye majina, zikae mahali patatu tofauti: kadi moja kwa mchungaji au katekista ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, moja kwa mtu wa kwaya anayeishi mji mwingine, na moja kwa ndugu aliye nje ya nchi, aziweke kwenye kompyuta yake. Kadi za bei nafuu hufa bila kuumwa. Kila Novemba, mnapokutana kwa mazoezi ya kwanza ya Noeli, fungueni kadi zote tatu, sikilizeni, na mnakili kwenye kadi mpya kabla hamjaanza nyimbo za mwaka huo.